Malkia wawili mkononi, meza imejaa hatari: nilikosea wapi?

KopaSaba aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mnisaidie kuchambua mchezo mmoja wa poka ya Texas Hold'em usio na kikomo cha dau, kwa sababu nimeurudia kichwani mara nyingi na bado sijauelewa. Kila mmoja wetu alianza na akiba ya madau makubwa ya lazima 100, na tarakimu zote nitakazotaja ni kwa kipimo hicho.

Nilishika malkia wa kopa na malkia wa uru, nikapandisha hadi 3. Aliyekaa nafasi ya mgawaji akafuata, mwenye dau dogo la lazima akatupa karata zake, na mwenye dau kubwa la lazima akafuata pia, hivyo kitita kikawa 9.5. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za wote mezani, ikaleta ghulamu wa shupaza, tisa ya shupaza na nne ya uru. Mwenye dau kubwa la lazima, aliye wa kwanza kucheza, akapita bila kuweka dau; nami, nikiogopa kuwafukuza, nikaweka 3 tu, na wote wawili wakafuata. Karata ya nne ikawa nane ya shupaza. Wa kwanza akapita tena, nikaweka 12, yule wa nafasi ya mgawaji akapandisha hadi 40, wa kwanza akatupa, nami nikafuata. Karata ya tano ilikuwa mbili ya uru. Nikapita, akasukuma 54 zake zote zilizobaki, nikafuata, akafunua ree na tano za shupaza.

Je, nilipaswa kuweka akiba yangu yote tangu kwenye flopu, au jozi ya namna hii huchezwa kwa kupita tu?

ReeNyeusi alijibu:

Pole sana, ndugu. Kosa la kwanza naliona kwenye ile 3 ya flopu. Ulipoweka 3 kwenye kitita cha 9.5, mtu wa kwanza kufuata alihitaji nafasi ya ushindi ya asilimia 19 hivi ili asipate hasara, na wa pili alihitaji 16 tu. Mwenye shupaza nne anazo karata 9 za kumkamilishia flashi (karata tano za aina moja), ambazo humpa takribani asilimia 19 kwa karata inayofuata peke yake na karibu 35 akiziona zote mbili. Kwa maneno mengine, uliwauzia karata kwa bei ileile wanayoitaka wao. Ungeweka 7, wa kwanza angehitaji karibu asilimia 30, na yeyote anayesubiri angelipia kila hatua.

Tena huyu wako hakuwa anasubiri shupaza pekee. Ree tatu zilizobaki nazo zingempa jozi kubwa kuliko yako, kwa hiyo alikuwa na karata 12 za kumwokoa, na mtu wa namna hiyo akiziona karata zote mbili nafasi yake hupita asilimia 40. Jozi yako ilikuwa mbele kweli, lakini kwa mwendo mfupi sana kuliko inavyoonekana kwa macho.

MezaYaKona alijibu:

Naafikiana na ReeNyeusi kuhusu ukubwa wa dau la flopu, lakini nadhani pesa nyingi zilipotea baadaye, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Kuhusu kuweka zote kwenye flopu: hapana. Ulibakiwa na 97 na kitita kilikuwa 9.5, yaani akiba yako ilikuwa mara kumi ya kilichopo mezani. Ukisukuma zote hapo, mwenye ghulamu mmoja anatupa, mwenye kumi pamoja na saba za aina tofauti anatupa, na wanaobaki ni wenye tatu za namna moja, wenye jozi mbili, na wale wanaosubiri karata nyingi kiasi kwamba hawana wasiwasi. Kama akiba ingekuwa mara mbili au tatu ya kitita, hata mimi ningeweka zote bila kusita.

Sasa tazama ile nane ya shupaza. Imekamilisha flashi, na imekamilisha mfuatano (karata tano zinazofuatana) kwa mwenye kumi pamoja na saba na kwa mwenye malkia pamoja na kumi. Wewe huna shupaza hata moja, na hili ni jambo kubwa: ungekuwa na malkia wa shupaza ungebaki na tumaini la kupata flashi yako mwenyewe. Alipopandisha hadi 40, ulitakiwa kuongeza 28 ili kupigania kitita kitakachofika 98.5, yaani ulihitaji ushindi wa zaidi ya asilimia 28. Dhidi ya flashi huna karata hata moja ya kukuokoa, kwa sababu hata malkia wa tatu hakusaidii. Dhidi ya tatu za namna moja unasubiri malkia wawili, na kumi nne zinazokupa mfuatano. Angekuwa anazuga mara ngapi, akiwa na mtu wa tatu bado mchezoni?

Mimi ningepita kwenye karata ya nne, nikafuata dau dogo likija, na kutupa likija kubwa.

KopaSaba aliandika:

Nawashukuru sana. Nakiri kwamba sikuzingatia kabisa kukosa shupaza mkononi; nilitazama ukubwa wa jozi tu. Na kama flopu ingekuwa saba, mbili na mbili za aina tatu tofauti, bado niweke kikubwa?

ReeNyeusi alijibu:

La, hapo ile 3 yako inatosha. Hakuna flashi wala mfuatano wa kusubiriwa, na wengi walio nyuma yako wana karata chache sana za kuwaokoa, kwa hiyo unataka wabaki. Wa kuangaliwa ni mwenye ree au mfalme, ambao huonekana kwenye flopu kwa asilimia 41 hivi unaposhika malkia wawili; zisipotokea mapema, bado zaweza kutokea baadaye.

Nimeisoma tena hoja ya MezaYaKona kuhusu kupita kwenye karata ya nne, na naiondoa fikra niliyokuwa nayo ya kuweka dau tena pale. Ningekuwa na mpinzani mmoja ningeweka kidogo. Kwa wawili, napita.