Msaada: tangi la maji ya bahari, vitu vinakufa kimoja kimoja. Ninunue jenereta au inverta?

Mgosi Mtulivu (mleta uzi)
Habarini wakuu. Niko Tanga, Raskazone. Nina tangi kubwa la maji ya bahari, si yale ya samaki wa mapambo ya mezani. Urefu mita 2.4, upana sentimita 80, kina sentimita 75. Ndani kuna mawe, matumbawe ya rangi rangi, samaki kumi na nne, kamba wadogo wa kusafisha, na konokono. Nyumba ni ya ghorofa, tangi liko sebuleni. Chini yake kuna tangi dogo la kuchujia, lina pampu ya kurudisha maji juu na skima, ile inayotoa povu chafu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Tangu siku hiyo mambo hayaeleweki. Kamba watano wamekufa wote. Konokono wanadondoka kutoka kwenye kioo, ukiwageuza wanabaki vile vile. Matumbawe yaliyokuwa yanafunguka kama vidole yamejikunja, na moja limeanza kuachia nyama, unaona mfupa mweupe. Silali.

Swali ni moja tu: jenereta ndogo au inverta na betri? Bajeti yangu laki nane. Naomba majibu ya haraka, kuna mtu anakuja Jumamosi.

Ngoja Waje
Ngoja waje wataalamu.

kisamvu_cha_nazi
Kamba watano hata mchuzi hawatoshi. Ungewawahi siku ya kwanza, mgosi.

Mzee wa Inverta
Inverta, bila mjadala. Jenereta ina kelele na hapo Raskazone majirani zako ni watu wazito. Piga hesabu: pampu ya kurudisha maji tuseme wati 80, pampu mbili za kutikisa maji wati 20 kila moja, jumla 120. Betri ya volti 12 ya Ah 100 inabeba kama wati-saa 1,200, ila usiimalize, tumia nusu yake. Inverta nayo inakula kidogo, kwa hiyo unapata saa nne na ushee. Taa usiunganishe, hazina kazi usiku. Mimi saluni yangu nimeifungia hivyo hivyo, mteja hakatishwi kunyolewa nusu kichwa kama zamani. Kuna jamaa mmoja aliondoka na upande mmoja, akarudi kesho yake amevaa kofia, tukacheka naye hadi leo ni rafiki yangu.

baba_wawili_Makorora
Pole sana. Umenikumbusha mbali. Na mimi nilikuwa nalo, dogo, lita 300. Umeme ukakatika saa nane usiku. Mimi nimelala. Bomba la kurudisha maji mdomo wake ulikuwa umezama chini sana, pampu iliposimama maji yakaanza kujivuta kurudi chini yenyewe, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira. Tangi la chini likajaa, likafurika. Niliamka kwa sauti ya mke wangu, kakanyaga maji ya chumvi kwenye zulia ambalo mama yake alituletea kutoka Pemba. Kale kavalvu ka kuzuia maji yasirudi kalikuwa kamekwama kwa chumvi. Dawa yake nikaja kuijua baadaye: unatoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya usawa wa maji. Maji yakishuka yakafika kwenye tundu, linavuta hewa, mvuto unakatika. Tundu la ukubwa wa njiti ya kiberiti lingeokoa zulia na heshima yangu kwa mama mkwe.

Na tundu lenyewe ulisafishe kila wiki, chumvi huliziba.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, ukitoka mlangoni kwako unatembea dakika tano unaiona bahari ya Mwenyezi Mungu, haina pampu, haina bili. Nimefundisha Tanga miaka thelathini. Tulikuwa tukisikia baruti zikilia baharini asubuhi kama ngoma, mwamba mzima unageuka kifusi. Leo hifadhi ipo, ile ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009, watu wamejitahidi, halafu wewe unayaweka matumbawe sebuleni. Uliyatoa wapi? Una kibali?

Mgosi Mtulivu
Mwalimu shikamoo. Hayakutolewa hapa, yaliagizwa, karatasi zipo. Tusitoke kwenye mada. Jenereta au inverta?

Mama Tasi
Mwanangu, mimi nimekaa Maskati miaka sita kwenye duka la samaki wa bahari, tangi thelathini na mbili, nazisafisha kwa mikono hii. Nisikilize.

Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni hewa ndani ya maji. Samaki ndio wanaotangulia, tena wakubwa, unawakuta juu wanahema midomo wazi. Wewe samaki wako kumi na nne wazima. Waliokufa ni kamba, kisha konokono, sasa matumbawe. Huo si mpangilio wa umeme. Umepima amonia?

Mgosi Mtulivu
Marahaba… samahani, shikamoo mama, nimechanganyikiwa. Nimepima kwa vile vichupa. Amonia sifuri. Chumvi 35, nilitumia ile darubini ndogo. Kila kitu sawa.

Mama Tasi
Marahaba. Amonia sifuri, chumvi sawa, samaki wanakula, na visivyo na uti wa mgongo vinakufa. Kuna shaba ndani ya hayo maji?

Mgosi Mtulivu
Hakuna mama. Pampu zote za plastiki.

Mama Tasi
Sijauliza pampu. Maji yana joto gani?

Mgosi Mtulivu
26. Yametulia kabisa, usiku na mchana.

Mama Tasi
Tanga, mwezi wa pili, joto la chumba mchana halishuki 30, taa zinawaka saa nane kwa siku, na maji yako ni 26. Umetutajia pampu, skima, hata konokono. Mashine ya kupoza maji hujaitaja. Unapoza na nini?

Ngoja Waje
Wameshakuja wataalamu. Navuta kiti.

Mgosi Mtulivu
Kuna fundi.

kisamvu_cha_nazi
Hahahaha "kuna fundi". Maneno mawili yaliyobomoa nyumba nyingi nchi hii.

Mgosi Mtulivu
Naombeni msinicheke. Chila ya dukani nimeulizia, kwa tangi hili ni mamilioni. Maji yalikuwa yanafika 31, matumbawe yalianza kupauka kabla hata ya hiyo siku ya umeme. Fundi wa mafriji wa Ngamiani akaniambia hilo ni jambo dogo. Akafumua friza, akachukua kompresa, akakunja koili akaizamisha kwenye tangi la chini, akajaza gesi. Nilimlipa 180,000. Baada ya siku kadhaa maji yakashuka kutoka 31 hadi 26. Nilifurahi kama mtoto. Na koili ameipaka vanishi tabaka mbili, kwa hiyo haigusani na maji. Ndiyo maana sikuitaja, haihusiani.

fundi_bila_cheti
Kitaalamu jamaa kafanya kazi nzuri, kushusha nyuzi tano kwenye maji mengi hivyo si mchezo. Friza uliipata wapi na kwa bei gani? Nami natafuta kompresa.

Mama Tasi
Koili ya nini?

Mgosi Mtulivu
Bomba la kawaida la friji mama. La kopa.

Mama Tasi
Kopa ni shaba, mwanangu.

Vanishi kwenye maji ya chumvi ni kama kanga kwenye mvua. Koili inapoa inasinyaa, inapata joto inatanuka, vanishi inapasuka pasipoonekana kwa macho. Shaba kidogo mno, ambayo samaki anaivumilia, inamuua kamba. Sisi dukani tuliitumia kutibu samaki wenye vipele vyeupe, tena kwenye tangi la pembeni lisilo na jiwe wala konokono, na ndoo yake haichanganywi na ndoo nyingine. Mashine za dukani zina bei hiyo kwa sababu koili yake ya ndani ni titani, chumvi haiili.

Toa leo. Si kesho.

Mgosi Mtulivu
Nikiitoa joto linarudi 31 mama. Nitakuwa nimekimbia mvua nikajificha kwenye mto. Nilikuwa nafikiri nimwambie fundi aongeze tabaka la tatu, safari hii la rangi ya boti. Tayari nimeshampa elfu arobaini ya kianzio.

Mzee wa Inverta
Kumbe kuna kompresa! Basi hesabu yangu ya betri ifuteni.

Chai Kavu
Jamani, mnamhurumia nani? Hii ni chai, tena imepoa. Mita 2.4 mara 0.8 mara 0.75 ni lita 1,440. Maji ya chumvi hayo ni karibu tani moja na nusu kabla ya mawe na kioo, na anasema yako ghorofani. Slabu gani hiyo? Pili, mtu mwenye tangi la gharama hizo, bajeti yake ni laki nane na fundi wa Ngamiani? Tatu, hakuna picha hata moja. Subirini, kesho atatokea mtu na namba ya simu anauza inverta.

Mzee wa Inverta
Unamaanisha mimi? Mimi ni kinyozi! Nina miaka tisa humu!

Bint Chumbageni
Hajasema liko ghorofani, kasema nyumba ni ya ghorofa. Soma uzi kabla ya kuwaka. Ila la bajeti hata mimi limenikaa. Na "kuna mtu anakuja Jumamosi". Mgosi, nani anakuja?

kisamvu_cha_nazi
Ni mchumba. Aliambiwa ana bahari yake mwenyewe.

baba_wawili_Makorora
Mimi namwamini. Hicho kitu cha konokono kudondoka huwezi kukitunga.

Chai Kavu
Picha.

*(Kimya cha saa tano. Kurasa mbili za ubishi kuhusu uzito wa maji ya chumvi na kama Coastal Union itabaki ligi kuu, nimeziruka. – Bint Chumbageni)*

Mgosi Mtulivu
Picha hiyo hapo juu. Muone wenyewe. Hiyo nyeupe ya kushoto ndiyo iliyomwaga nyama. Nimeziba nusu ya sebule kwa sababu nyumba si yangu.

Haya. Tangi si langu. Ni la bosi, nami ndiye naangalia nyumba. Amesafiri tangu Novemba, anatua Jumamosi. Aliniachia hela ya kumwita mtaalamu kutoka Dar aje kila mwezi kulihudumia. Alikuja mara moja. Nilimwangalia anavyofanya nikaona naweza. Hela iliyobaki nimelipia ada ya mdogo wangu. Sijaiba, nilikuwa nafanya kazi yenyewe: kila siku nimejazia maji yasiyo na chumvi badala ya yaliyopungua kwa mvuke, kila wiki nimeosha kikombe cha skima, kioo nimekwangua. Miezi mitatu hakuna aliyekufa. Mwanzo niliandika "nina tangi" kwa sababu mngenijibu kama mlinzi.

Mwalimu Mstaafu
Ungesema mapema, kijana. Ada ni jambo jema. Uaminifu nao ni jambo jema.

Chai Kavu
Naomba radhi kwenye la inverta. La slabu bado sijaridhika.

Mama Tasi
Mwanangu, ulijua kazi mpaka siku ulipomleta fundi. Sasa fanya hivi, na usinibishie.

Koili toka. Elekeza feni mbili kwenye uso wa maji, fungua mfuniko. Kwa unyevu wa Tanga haitakupa 26, itakupa 28 au 29, na hayo matumbawe wenzao wa baharini huko nje wanaishi humo humo kwa msimu huu. Punguza saa za taa. Maji yatapungua haraka kwa mvuke, unachojazia ni maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi.

Kisha badilisha maji theluthi moja, leo, keshokutwa, na siku inayofuata. Mara tatu ukibakiwa na shaba kama asilimia 30 ya iliyokuwemo. Usichote pale Deep Sea penye mainjini ya boti, wala karibu na Zigi na Mkulumuzi zinapomwaga. Panda boti utoke nje ya ghuba, maji yakiwa yamejaa. Madumu yawe ya plastiki, yaliyobeba chakula. Na kaboni mpya kwenye kichujio.

Nisikudanganye: hayo mawe ni chokaa, yameshakunywa shaba, yatakuwa yanaitema taratibu. Kamba usinunue miezi mingi.

Mgosi Mtulivu
Lita 480 ni madumu ishirini na manne mama. Nimekodi kirikuu. Hela ya jenereta ndiyo imeingia humo.

*(Baadaye)*

Nimeitoa. Kwa juu vanishi inang'aa kama mpya. Pale alipochomea, kwa chini, kuna ukungu wa kijani mwembamba, ukipitisha kidole unabaki kwenye ngozi. Nimekaa nayo sakafuni naiangalia tu. Fundi kapokea simu, anasema kwenye friji huwa haifanyi hivyo.

fundi_bila_cheti
Kwenye friji hamna bahari, mwambie. Ila hujanijibu mara ya pili hii: friza uliipata wapi? Kompresa ni nzima?

Bint Chumbageni
Hata mimi nasubiri hapo.

Mgosi Mtulivu
Ilikuwa stoo.

Bint Chumbageni
Stoo ya nani?

Mgosi Mtulivu
Ya bosi. Ilikuwa nzima.

kisamvu_cha_nazi
Na ndani yake kulikuwa na nini?

Mgosi Mtulivu
Kamba. Kilo sita. Tuligawana na fundi.