Naomba ushauri: tairi za theluji kwenye kirikuu ya umeme

Habari za leo wakuu. Nipo Tabora, nina kirikuu ya umeme ya kubebea madumu ya asali kutoka Isikizya. Mwezi wa tatu sasa tangu nifunge tairi nne za mtumba kutoka Japani, kashata (yale meno ya tairi) nene, nikajua nimeokota dodo. Kumbe ubavuni zina alama ya mlima na theluji! Theluji, Tabora hii? Chaji iliyotosha safari mbili, sasa ya pili naimalizia kwa kumwomba Mungu. Za nyuma, zinazosukumwa na mota, zinamenyeka kama kifutio. Nimeongeza upepo, nimepima alaimenti (mkao wa magurudumu), wapi! Je, za nyuma nizihamishie mbele zimalizikie huko, au nitoe zote? Na aliyerudi tairi za kawaida, chaji ilirudi kiasi gani?