Watoto wa kriketi Tabora: chini ya timu ya mkoa tuwajengee nini?

MwlCheyo
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi hapa Tabora mjini na nina watoto wanaocheza kriketi Jumatano na Jumamosi kwenye kiwanja cha mpira wa miguu. Njia ya kurushia tunaichonga kwa jembe, tunaimwagia maji jioni yake na kuishindilia. Mipira ni ya tenisi, tunaifunga soloteipu upande mmoja tu ili ipinde.

Kuna binti wa darasa la sita, mkono wa kushoto. Mpira ukimtoka unakwenda kama unaelekea nje, halafu unaingia ndani na kung'oa kijiti huku mpigaji bado ameinua beti. Wavulana wa darasa la saba wanagombania kutompokea.

Sasa huyu akimaliza la saba aende wapi? Vijana wetu wa chini ya miaka 19 wamecheza Kombe la Dunia 2026 Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza kwa Tanzania, na nilifurahi mno. Lakini kati ya kiwanja changu na timu ile sioni ngazi. Nimefikiria tufanye mchujo wa siku moja, tuchague watoto 15 wa chini ya miaka 13, tuite timu ya mkoa. Mnanishaurije?

Mwanga_Sokoni
Hongera sana Mwalimu. Mimi niko Kigoma. Hiyo timu ya mkoa itacheza na nani? Ukituletea huku kwa treni, nauli na chakula vya watoto 15 vinamaliza hela ya mipira ya mwaka mzima, kwa mechi moja. Anza na shule ambazo watoto wanaweza kutembea kwa miguu. UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, ndipo mkoa. Njia hiyo walimu wote wanaijua, ifuate.

BabaWawili
Mwalimu, nimeishi Leicester, Uingereza, miaka mingi na mwanangu alipitia mfumo wao. Chini ya timu ya kaunti, ambayo ni kama mkoa kwetu, kuna klabu, kisha timu za wilaya, na watoto wa miaka 10 tu wanaanza kuchujwa. Uzuri wake ni mechi. Mtoto asiyefika kaunti bado anacheza kiangazi chote.

Ubaya wake ni gharama. Mafunzo, sare, petroli ya kumzungusha mtoto, vyote ni mfuko wa mzazi. Tume huru iliyochunguza kriketi ya Uingereza na Wales ilitoa ripoti 2023: wachezaji wa timu ya taifa ya wanaume mwaka 2021, asilimia 58 walisoma shule binafsi, wakati katika jamii ni kama asilimia 7 tu. Ikapendekeza njia ya vipaji iwe bure. Usije ukaanza na ada, hata ya elfu mbili.

Jingine: mchujo wa siku moja unachagua wenye miili. Aliyezaliwa mapema katika mwaka wa umri wake anaweza kumzidi mwenzake karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka 11 huo ni mwili mwingine kabisa. Na huyo binti mlinde. Kwa miaka mingi mwongozo wao kwa warushaji wa kasi wa hadi miaka 13 ulikuwa ova 5 (ova moja ni mirusho sita) kwa mfululizo, 10 kwa siku. Mgongo wa mtoto haurudishwi.

Kiloleni_Boy
Lakini mchujo lazima uwepo, wakuu. Bila jina la timu ya mkoa hakuna mdhamini atakayekusikiliza.

MwlCheyo
@Kiloleni_Boy mdhamini tutamtafuta tukiwa na kitu cha kumwonyesha.

Mwanga_Sokoni na BabaWawili, asanteni, nimewaelewa. Mchujo nauacha. Naongea na walimu wa michezo wa shule jirani za Cheyo, Isevya na Kiloleni, tucheze kila Jumamosi kiangazi hiki, Juni hadi Septemba, kabla mvua hazijaharibu viwanja. Ova 8 kila upande, kila mtoto arushe angalau moja, na asizidi mbili hata akiwa moto. Kila shule ina daftari la alama. Tukifika Septemba tutakuwa na majina yenye ushahidi wa msimu mzima, na hapo timu ya wilaya itajitaja yenyewe.

Mwenye beti za watoto zilizochakaa, hata zenye mpini uliolegea, asitupe. Tunakaza wenyewe kwa mpira wa tyubu. Naomba aniandikie humu.