Halbadiri, kiapo cha kimila au hati ya wakili?

Mlima_Zabibu: Wakuu, kuna ndugu kaninyima haki yangu na anakana mbele ya wazee. Nimeshauriwa nimsomee halbadiri, tuapishwe kimila, au tule kiapo kwa wakili. Ipi ina nguvu? Naamua wiki hii.

Kizota_Mjini: Haki gani? Hela, ng'ombe, mke?

Mlima_Zabibu: Shamba la zabibu, Bihawana huku Dodoma. Marehemu mzee alitugawia kwa mdomo.

Karani_Mstaafu: Kwa mdomo! Mirathi imefunguliwa? Msimamizi nani?

Abuu_Swabri: Halbadiri ni Ahlul Badri, waliopigana Badr upande wa Mtume mwaka 624, 313 kwa hesabu mashuhuri. Majina yao husomwa, Mungu akaombwa. Ni dua, na masheikh wengine hawaikubali. Silaha mmeifanya nyie.

Bint_Kondoa: Dua au silaha, kwetu ilibomoa mji. Mbuzi waliibwa, baba mdogo akaleta msomaji, ubani ukafukizwa, kijiji kizima kikatangaziwa. Haukupita muda mtoto wa jirani akashikwa na tumbo, akafariki. Basi, mwizi kapatikana! Watu walisusa hata msiba. Jirani akahama na familia yake usiku. Masika yaliyofuata wawili kati ya wale mbuzi, alama ya sikio ileile, wakaonekana mnadani wakiuzwa na kijana wa nyumbani kwetu. Hakuna aliyemfuata jirani kumwomba radhi mpaka leo.

Kizota_Mjini: Kwa hiyo haikumpata mwizi? Labda ilichelewa 😂

Bint_Kondoa: Mtoto alikufa, wewe unacheka.

Mzee_Mpwapwa: Mnachanganya. Apizo unamtakia mwenzio mabaya, kiapo unajitakia mwenyewe ukisema uongo. Cha kimila ndicho changu, mtu anaapa mbele ya ukoo unaomjua.

Abuu_Swabri: Na kula yamini je? Ni kuapa pia; yamini ni mkono wa kulia, Kiarabu.

Karani_Mstaafu: Turudi shambani. Baraza la Kata tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko Mkristo ataapa kwa Biblia, Mwislamu na asiye na dini watathibitisha, yaani kuahidi ukweli bila kuapa. Akidanganya ni jinai. Mirathi je? Hujajibu.

Kizota_Mjini: Hiyo zabibu ni aina ya Makutupora nyekundu au nyeupe?

Mlima_Zabibu: Nyekundu.

Mzee_Mpwapwa: Na mavuno ya Agosti anavuna nani?

Mlima_Zabibu: Yeye.