Sakafu ya gereji ya nyumbani Kigamboni: marumaru, pevingi, epoksi au zege tupu?

Mkazi wa Kibada ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla hela haijatoka mfukoni.

Nina gereji ya kulaza gari pembeni ya nyumba, hapa Kibada, Kigamboni. Upana mita 3.5, urefu mita 6. Kuta zimesimama, bati limepigwa, geti liko kwa welda. Chini bado ni mchanga mtupu, ule wetu mweupe. Ukiingia na ndala unazama.

Kitakacholala humo ni Hilux ya zamani ya dizeli, inayodondosha oili hata siku iliyotoka kubadilishwa sili. Jumamosi sevisi nafanya mwenyewe: napiga jeki, naweka stendi, nachomoa tairi, spana zinaanguka, nyundo inaanguka. Bajaji ya kijana wangu nayo italala humo humo.

Sasa washauri. Fundi aliyejenga anataka tumwage jamvi, yaani tabaka la zege la chini, la inchi mbili, kisha apige sakafu na niru juu, ile simenti tupu ya kulainisha uso. Shemeji anataka epoksi, ile ngozi ngumu inayopakwa juu ya zege, kaona mtandaoni gereji za Marekani. Mke wangu kabakiwa na maboksi ya marumaru za sebuleni na anaona dhambi zikae stoo. Jirani kaweka pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini, mpaka mlangoni na ananiambia nisijisumbue na mengine. Kila mmoja ana uhakika wake.

Mimi nataka kitu nikishakifanya nisikiguse tena. Masika maji ya uani husogea mpaka pale geti litakapokaa. Na kisima changu maji yana chumvi, kama hilo linahusu.

Chuma Chakavu amejibu:

Uza hiyo Hilux mkuu, shida ya sakafu itaisha yenyewe 😂

Natania. Ila marumaru za sebuleni mwambie mkeo azitunze za kubandikia zitakapopasuka zile za ndani. Chini ya jeki hazifiki mwezi. Na zikipata tone la oili na maji ya mvua, utaingia na begi la unga utoke kwa mgongo.

Zege Halidanganyi amejibu:

Kaka wa Kibada, zege ndiyo kazi yangu ya kila siku, na sakafu za kuegeshea magari nimesimamia nyingi kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Nitasema kirefu, uvumilie.

Wote hao wanabishana kuhusu ngozi. Sakafu ya gereji hufia chini, na ndiko hela yako iende kwanza. Mchanga wako si adui. Mchanga ukizungukwa na msingi pande zote na ukashindiliwa ukiwa na maji, unabeba vizuri tu. Adui ni mchanga uliomwagwa tu ukasawazishwa kwa reki. Ondoa majani na mizizi, leta kifusi kizuri, kimwage kwa safu za sentimita 15, mwagilia, shindilia kwa kompakta ya kukodi, kisha safu nyingine. Usikubali vijana wapige gogo huku wanaimba. Kanyaga kwa kisigino. Kikiacha shimo, mashine irudi.

Juu yake tandika nailoni nzito, vipande vilaliane sentimita 30, ncha zipande ukutani. Kigamboni maji hayako mbali chini. Unyevu ukipanda na chumvi yake, utaona unga mweupe sakafuni kila kiangazi, na rangi yoyote utakayopaka hapo juu itabanduka.

Unene. Inchi mbili ni za banda la kuku. Kwa gari dogo la kuingia na kutoka, sentimita 10 zinatosha. Wewe unapiga jeki, weka 12. Tairi hutawanya uzito, lakini mguu wa stendi ni kipande kidogo cha chuma, na hapo juu yake kuna sehemu kubwa ya gari lenye karibu tani mbili. Hata zege likiwa zuri, weka sahani ya chuma au ubao mgumu chini ya stendi. Haikugharimu kitu.

Eneo lako ni mita za mraba 21. Kwa sentimita 12 unapata mita za ujazo 2.5 hivi. Changanya moja kwa moja na nusu kwa tatu. Kwa lugha ya saiti: mfuko mmoja wa kilo 50, ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto, ndoo za lita 20 zilizojaa usawa wa mdomo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Hapo andaa mifuko 20, uongeze miwili ya tahadhari. Chukua simenti ya daraja la 42.5. Vijana watataka zege liwe uji ili lijisambaze lenyewe. Simama hapo hapo, kataa. Kila ndoo ya ziada ya maji ni nguvu unayoimwaga.

Sasa hiyo niru. Fundi wako anataka kumwaga jamvi, aliache likauke, siku nyingine aje na tabaka jembamba la mchanga na simenti, halafu niru. Chumbani haina neno. Kwenye gereji hilo tabaka la juu halishikani sawasawa na la chini. Tairi ikigeuka mahali pamoja, usukani ukikatwa gari likiwa limesimama, linaanza kulia mvungu. Gonga kwa sarafu utasikia. Baadaye linapasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na oili inaingia chini yake.

Malizia jamvi lenyewe siku hiyo hiyo. Vuta kwa rula, piga kibao, kisha subiri. Maji yanayopanda juu yakauke yenyewe, usiyanyunyizie simenti kavu kuyanywa, mafundi wengi hufanya hivyo na ndiyo maana sakafu zao zinatoa vumbi. Ukikanyaga na alama ya kiatu ikazama kidogo tu, hapo ndipo mwiko wa chuma unaingia, mara ya kwanza, na tena baada ya muda, mpaka uso ukaze. Mita moja ya karibu na geti usiilainishe: pitisha fagio la chelewa likiwa limelowa, kwa kukata upana, ili tairi na miguu vipate mshiko wakati wa mvua.

Maji ya kisima chako: kama utaweka wavu wa chuma ndani ya zege, usiyatumie, chumvi italisha kutu ndani. Agiza maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa boza, ya kuchanganyia na ya kumwagilia. Mchanga wa ufukweni vilevile, usiuguse.

Funika kwa magunia yaliyolowa siku saba, yasikauke hata mchana. Baada ya wiki mbili bajaji iingie. Hilux iache mpaka zege litimize siku 28, haina haraka, imeshazoea mvua.

Mkazi wa Kibada ameandika:

Mkuu ubarikiwe. Fundi nimemsomea hiyo ya tabaka la juu kulia mvungu, kanuna, lakini hakubisha. Maswali mawili. Wavu ni lazima? Na shemeji anasema basi tukimaliza zege tupake epoksi, mbona ni rangi tu?

Bint Malindi amejibu:

Hilo la epoksi niachieni mimi, niko Maskati, nimelipitia. Kwanza si rangi tu. Ni vitu viwili vinavyochanganywa hapo hapo na vinakaza kwa kemia, ukichelewa vinagandia ndooni. Zege lazima lisuguliwe kwa mashine ya almasi au lioshwe kwa asidi lipate ukwaruzo, na lazima liwe kavu mpaka ndani. Bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa utepe pande zote nne, ulaze usiku mmoja. Asubuhi ukikuta matone chini yake au zege limeiva weusi, funga kopo lako.

Pale kwetu walipaka moja nyembamba, wakatuambia ni epoksi. Hapa kiangazi joto linapita digrii 40, gari likitoka barabarani tairi ni moto wa kuchoma mkono. Linaingia, linalala, linapoa, na asubuhi ukirudi nyuma tairi zinaondoka na vipande vya rangi vimegandia. Alama nne, pahala pale pale magurudumu yanapokaa. Nzuri ipo, nene, inastahimili na oili inafutika kwa kitambaa. Lakini bei yake na usafi wake si wa mtu anayeangusha nyundo, kaka yangu. Na pale jua la mlangoni linapopiga, inageuka manjano.

Bosi wa Syokimau amejibu:

Niaje watu wa Dar. Huku Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, tuna ule udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, kwa hivyo slabu bila kuchimba huo udongo wote ukatolewa ni kazi bure. Nilichimba, nikajaza hardikoo (mawe ya kujazia) na maramu (changarawe nyekundu), na ndani ya gereji nikaweka kabro, ndizo pevingi zenu. Nataka nimtetee jirani kidogo.

Raha ya kabro ni kwamba chini ikititia, unang'oa vipande, unaongeza mchanga, unarudisha. Ikilowa oili kabisa, unageuza jiwe au unabadilisha. Chukua za milimita 60 kwa gari la nyumbani, 80 kama lori litaingia, na usisahau kingo za zege pembeni, bila hizo zinatawanyika taratibu kila unapokata kona. Ubaya: nati ikianguka inaingia kwenye ufa na huioni tena. Jeki yenye magurudumu inagoma kusukumika. Halafu sisimizi. Wanapandisha mchanga kutoka kwa viungo kila wiki, nafagia hadi nimechoka. Uani ziko sawa. Mahali pa kulala chini ya gari na spana, ningeenda na zege.

Zege Halidanganyi amejibu:

Bosi wa Syokimau kasema kweli, na mimi uani kwangu nimeweka hizo hizo pevingi.

Wavu: kwa sakafu iliyokaa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, si wa kubeba uzito, ni wa kuzuia nyufa zisifunguke. Ukiweza weka. Lakini ukae theluthi ya juu ya zege, juu ya biskuti imara, vile vipande vidogo vya zege vya kuuinua. Nimeona mara nyingi wavu umetandikwa juu ya nailoni, zege linamwagwa, kijana mmoja anaambiwa auvute kwa ndoano huku wengine kumi wanaukanyaga. Huo umeuzika, hela yako imelala chini haifanyi kazi. Bora usiuweke, hela hiyo ongeza kwenye kompakta.

Wavu uwepo usiwepo, kata kiungo. Zege litapasuka tu likikauka, wewe unachagua mahali. Katikati ya urefu, yaani mita tatu kutoka ukuta wa nyuma, kesho yake asubuhi baada ya kumwaga, pitisha mashine ya kukatia kwa kina cha sentimita tatu, ukuta hadi ukuta. Ukingoja wiki, ufa utakuwa umeshajichagulia njia. Na kandokando ya kuta weka kipande chembamba cha stairofomu kabla ya kumwaga, jamvi lisishikane na ukuta.

Mteremko: sentimita moja kwa kila mita kuelekea getini, kwa hiyo nyuma iwe juu kuliko mbele kwa sentimita sita. Sakafu ya mlangoni iwe juu ya uani, na nje ya geti chimba mfereji wenye wavu wa chuma juu, upeleke maji pembeni. Hayo maji yako ya masika usiyasubiri ndani.

Oili: pata karai pana au kipande cha bati ukunje kingo, tia maranda ya mbao, sukuma chini ya injini kila jioni. Iliyodondoka sakafuni mwagia maranda au simenti kavu ilale usiku, asubuhi fagia, sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Ukitaka kuongeza kitu, baada ya mwezi paka dawa ya kukaza zege, ile inayozama ndani na haiachi ngozi juu. Hiyo haibanduki, kwa sababu hakuna cha kubanduka.

Mkazi wa Kibada ameandika:

Nimeelewa. Kompakta nimeipata kwa jamaa wa Mji Mwema, kifusi kinaingia Alhamisi. Marumaru mama kaamua ziende choo cha nje. Fundi kanirudia jioni hii, anauliza kama hiyo mashine ya kukatia kiungo tukodi au grainda yake yenye diski ya zege inatosha.

Zege Halidanganyi amejibu:

Grainda kubwa ya inchi tisa inatosha kwa mita tatu na nusu. Apige uzi wa chaki kwanza, avae miwani na kitambaa puani, vumbi lisimjae. Waya wa umeme apitishe nyuma ya bega, asiulaze kwenye maji.