Mazoezini nagonga gunia, mechini mpira unapotea: nianzie wapi?

MpiraMpya, Kisumu

Hamjambo nyote. Nacheza kriketi. Narusha kwa mkono wa kulia, kasi ya wastani, na timu yetu mimi ndiye hufungua na mpira mpya. Jioni kwenye neti naweka gunia lililokunjwa pale ninapotaka mpira udunde, na nalipata hadi wenzangu wanachoka kuniokotea. Mechi ikifika, ova mbili za kwanza, mipira sita kila moja, ni safi. Kisha mpira unaanza kukimbilia upande wa miguu ya mpigaji, mlinda wiketi anaruka kama golikipa, na mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili: waidi, mpira uliompita mpigaji mbali mno.

Halafu kuna noboli, mguu wa mbele kuupita mstari. Hizo hunipata zaidi mchana nikirusha kutoka upande wa ziwa. Nikihamishiwa upande wa pili zinaisha. Kepteni anasema nipunguze kasi. Nikipunguza, mpira unadunda mfupi, mbali na mpigaji, na napigwa bila huruma. Tunachezea mkeka uliotandikwa juu ya simiti, kama hilo lina tofauti. Kocha wa karibu sina. Nirekebishe nini kwanza?

Kijiti cha Kati

Omera, tazama vijiti vya wiketi nyuma ya mpigaji, rusha. Mengine ni hadithi za wazee.

Koti Jeupe, Nakuru

Mzee mwenye hadithi amefika.

Kijana, zamani nililinda wiketi, siku hizi naamua mechi hapa Nakuru. Mwamuzi anasimama mahali ambapo kocha hasimami: anaona mguu wako wa mbele unatua wapi, mpira baada ya mpira. Ukitaka kujua mrushaji ataanza kupotea lini, acha mpira, tazama nyayo zake. Nyayo huanza kutawanyika mapema, waidi huja baadaye.

Noboli zako umezieleza vizuri kuliko unavyodhani. Mchana pale Kisumu ardhi hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja mjini. Ukirusha kutoka upande wa ziwa, upepo unakusukuma mgongoni, kila hatua inarefuka kidogo, na ukifika mstarini umeshaupita. Upande wa pili upepo unakupiga usoni, hatua zinafupika, na mguu unatua nyuma ya mstari bila wewe kujitahidi. Wewe unaanzia alama ileile pande zote mbili, sivyo? Mbio moja haiwezi kufaa pande zote mbili siku ya upepo.

Tafuta kamba ya katani. Nenda uwanjani pasipo na wiketi wala mpigaji, mtu asimame kando. Kimbia mbio zako za kawaida, ruka, rusha, naye aweke alama mguu wa mbele ulipotua. Rudia mpaka alama zikusanyike sehemu moja, pima kwa kamba kutoka pale ulipoanzia, funga fundo. Fanya hivyo hivyo upepo ukiwa mgongoni, funga fundo la pili mbali zaidi. Kamba ikae ndani ya begi pamoja na viatu. Wapo watakaokucheka. Waache wacheke, wao hupima kwa hatua, na hatua za asubuhi hazilingani na za saa tisa.

Sasa ule upotevu wa upande. Saga chaki ya shule, nyunyiza juu ya mkeka pale unapotua, urushe ova nzima, kisha uangalie. Kama nyayo zimetapakaa, moja karibu na vijiti vya upande wako na nyingine huko pembeni, shida ni ya mbio na hakuna sababu ya kugusa mkono wako. Kama nyayo ziko pamoja na mpira bado unapotea, hapo tazama kichwa na mkono wa kushoto. Mrushaji wa kulia akichoka, mkono wa kushoto hushuka mapema, kichwa huangukia kushoto, mwili unaufuata, na mpira huishia miguuni mwa mpigaji. Kwa mazoea ya macho yangu, huo ndio ugonjwa wa ova ya tatu.

Na usidhani ni kosa kubwa linalohitaji dawa kubwa. Vijiti vitatu kwa pamoja vina upana wa karibu sentimita 23. Kutoka mkono wako hadi vijiti vile ni kama mita 18. Mkono ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja tu, mpira umehama karibu sentimita 30. Nyuzi moja! Ndiyo maana nasisitiza kinachotangulia mkono. Mkono hauwezi kurekebisha nyuzi moja ikiwa miguu inauletea mahali papya kila mara.

Kupunguza kasi, kwa maoni yangu, hapana. Ukipunguza kasi katikati ya ova unabadilisha wakati wa kuuachia mpira. Ukiuachia mapema unapaa na kwenda mrefu, ukichelewa unadunda mfupi. Wewe unachelewa. Fupisha mbio, kasi ya mkono ibaki. Wengi wa kasi ya wastani hukimbia mbio ndefu kuliko wanavyohitaji. Njoo utembelee huku kwetu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mapafu yatakuambia.

Tena jambo la bure: muulize mwamuzi mguu wako unatua wapi. Wengi tutakujibu. Vijana hutuogopa kama walimu wa zamu, wakija kwetu ni kwa kulalamika tu.

Na ukitaka mfano wa kulenga: tarehe 15 Machi 2003, Durban, kwenye Kombe la Dunia, Mkenya mwenzetu Aasif Karim akiwa na miaka 39 aliwarushia Australia ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa wapigaji watatu. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia walishinda mechi, lakini yeye, mrushaji wa spini, mpira wa kuzungushwa, asiye na kasi wala maajabu, aliuweka mpira palepale mpaka mabingwa wa dunia wakawa hawajui wafanye nini.

Mwalimu wa Jioni, Kakamega

Mzee, shikamoo. Nafundisha wasichana wa sekondari, na hapa kidogo tutofautiane. Mwanafunzi ukimwambia aifikirie miguu yake, anaanza kuitazama, na ukitazama chini umeshapotea. Mimi huanza na macho: chagua doa mkekani, mita 6 hivi kutoka vijiti vya mpigaji, usilihame mpaka mpira utoke mkononi. Chaki ipakwe na mtu mwingine, isomwe baada ya ova. Mrushaji asijue kitu wakati anakimbia.

Ila MpiraMpya, kuna kitu hakijaguswa. Kwenye neti unarusha mipira mfululizo, kila mmoja unasahihisha uliopita, mwili ukiwa moto. Mechini unarusha sita, unakwenda kusimama mpakani ova nzima, unapoa, unarudi. Hujawahi kuyafanyia mazoezi hayo. Rusha sita, kimbia hadi mwisho wa uwanja, simama, rudi, rusha sita tena. Gunia ulihesabie mpira wa kwanza wa kila ova tu. Utashangaa jinsi hesabu inavyoshuka.

Koti Jeupe, Nakuru

Marahaba mwalimu. Hilo la kusoma chaki baada ya ova nalichukua. La macho nakubali kwa anayeanza. Huyu macho anayo, gunia ni shahidi.

MpiraMpya, Kisumu

Nimerudi. Nimefanya vyote viwili, chaki na zile sita sita za mwalimu. Ova ya kwanza nyayo ziko pamoja kabisa. Kufikia ya tatu zinahamia pembeni, mbali na vijiti, na mguu mmoja umetua ukingoni kabisa mwa mkeka. Mpira wa kwanza baada ya kusimama ndio mbaya kuliko yote. Kamba nimefunga fundo mbili, ya upepo iko nyuma karibu hatua nzima. Mzee, huko kutua pembeni kunatokana na nini?

Koti Jeupe, Nakuru

Unaukwepa ukingo wa nyuma wa mkeka, pale unapoingilia. Mahali majani yanapoishia na mkeka kuanza pana kijinundu, na mguu uliochoka hukizunguka bila kukuuliza. Ingia ukiwa karibu zaidi na vijiti vya upande wako tangu hatua ya kwanza, na kabla ya mechi omba mkeka uvutwe vizuri, vigingi vipigwe upya. Mkeka uliolegea ni hatari kwa kifundo cha mguu.

Unavaa viatu gani?

MpiraMpya, Kisumu

Raba za kukimbilia. Soli imeisha kidogo mbele.

Koti Jeupe, Nakuru

Badilisha kabla ya kitu kingine chochote. Soli ya mpira yenye vinundu. Vya misumari usivae, vitachana mkeka na wenyewe watakudai.