Naomba ushauri: nitahakikije kama thamani inaweza kuhesabiwa kama namba?

Ndugu zangu wataalamu, habari za kazi. Ninaandika programu ya Python inayosoma rekodi za kahawa za chama cha wakulima hapa Mbale, na kila thamani inafika ikiwa maandishi matupu, hata kilo na shilingi.

isdigit(), inayoangalia kama maandishi yote ni tarakimu, haitoshi, kwani inakataa "-5" na "62.5" lakini inaikubali "²", ambayo int() (inayogeuza maandishi kuwa namba kamili) haiwezi kuibadilisha. Kwa hiyo nimehamia kwenye kujaribu float(), inayogeuza maandishi kuwa namba ya desimali, ndani ya try na kukamata ValueError (kosa linalotokea ubadilishaji ukishindikana), njia ninayoiona kuwa ya uhakika zaidi. Hata hivyo, float() inakataa "12,500", ambavyo ndivyo makarani wetu wanavyoandika bei, na wakati huohuo inapokea "nan" (yaani "si namba") bila kulalamika. Ikiingia moja tu ya namna hiyo, jumla yote ya mkulima hugeuka nan, naye anasubiri malipo yake. (Namba za simu nimeziacha zibaki maandishi, maana sifuri ya mwanzo ingepotea.)

Je, niondoe mikato kabla ya kubadilisha, au nimrudishie karani mstari huo auhakiki? Nahofia kuiondoa kiholela, kwa kuwa "62,5" iliyokusudiwa kuwa kilo sitini na mbili na nusu itasomeka 625, na kosa hilo halitaonekana popote. Vilevile, math.isfinite() inatosha kuchuja nan na inf (namba isiyo na kikomo), au kwa hesabu za fedha mngenishauri nitumie Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama zilivyoandikwa, tangu mwanzo? Nitashukuru sana kwa mwongozo wenu.